Robert Smalls: Mtumwa Aliyekuwa Mbunge, na Karatasi Aliyokataa Kuitia Sahihi

 Katika magazeti ya maadhimisho tumezoea kuwakumbuka waliotutangulia. Safari hii tutoke kidogo nje ya nyumba yetu, twende hadi pwani ya jimbo la South Carolina huko Marekani, tukamwangalie mzee mmoja aliyefariki mwaka 1915. Jina lake Robert Smalls. Alizaliwa mtumwa. Akafa akiwa amekwisha kuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la jimbo lake, seneta wa jimbo, na mbunge katika Bunge la Marekani kwa vipindi vitano.

Wengi wanaomjua wanamjua kwa usiku mmoja tu, ule usiku alipotoroka na meli ya adui. Usiku ule tutausimulia, maana hauwezi kurukwa. Lakini wewe usiishie hapo. Kazi yake kubwa ilikuja baadaye, ndani ya vyumba vinavyotunga sheria, tangu mwaka 1868 hadi 1895. Na katika miaka hiyo aliona mengi aliyoyajenga yakibomolewa mbele ya macho yake. Mtu wa namna hiyo anafanya nini? Hilo ndilo la kushika unaposoma.

MTOTO WA LYDIA

Smalls alizaliwa tarehe 5 Aprili 1839 katika mji mdogo wa Beaufort, kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya bwana wake, Henry McKee, katika mtaa wa Prince. Mama yake aliitwa Lydia, mtumishi wa ndani. Eneo lile la visiwa na mashamba ya mpunga na pamba lilikuwa na watu weusi wengi kuliko wazungu. Walikuwa na lugha yao, Kigulla, iliyobeba maneno na lafudhi za Afrika Magharibi. Smalls aliikulia lugha hiyo, na baadaye ilimsaidia sana alipokuwa akiomba kura, kwa sababu watu wa vijijini walimsikia kama mwenzao.

Mtoto huyu alipendwa na bwana wake, akala vizuri, hakutumwa shambani. Hapo mama ndipo alipoogopa. Inasimuliwa kwamba Lydia alimpeleka mwanawe makusudi akaone watumwa wakichapwa viboko, ili ajue yeye ni nani katika nchi ile na asilewe na upendeleo. Mama yule hakujua kusoma, lakini alijua kulea.

Akiwa na miaka 12 alipelekwa mji wa Charleston kufanya vibarua. Alihudumu hotelini, akawasha taa za barabarani, kisha akaingia bandarini. Mshahara ulikwenda kwa bwana wake, yeye akiachiwa dola moja kwa wiki. Bandarini ndipo alipojifunza kupanga matanga, kushika usukani, na kuijua mikondo ya maji ya ghuba ile kama unavyojua njia ya kwenda kwenu.

Mwaka 1856 alimwoa Hannah Jones, mtumishi wa hotelini. Ndoa ya watumwa haikutambuliwa na sheria. Mtoto wao Elizabeth alipozaliwa mwaka 1858 alikuwa mali ya bwana wa Hannah, kama kifaranga cha kuku wa mtu. Smalls akamwendea yule bwana wakapatana bei ya kumkomboa mke na mtoto: dola 800. Hebu piga hesabu na dola yake moja kwa wiki. Ni zaidi ya miaka 15 bila kula wala kuvaa.

USIKU WA MELI

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Majimbo ya Kusini yaliyotaka kuendelea na utumwa yalijitenga. Smalls akawa mshika usukani wa meli ya mvuke iliyoitwa Planter, iliyobeba mizinga na risasi za jeshi la Kusini kutoka ngome hadi ngome. Nje ya ghuba, zilisimama meli za Kaskazini zikiwa zimefunga mlango wa bahari. Yaani uhuru ulikuwa unaonekana kwa macho.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, maofisa watatu wazungu wa meli walikwenda kulala mjini, kinyume cha amri. Smalls na wenzake walikuwa wamekwisha kupanga. Wakawasha moto wa injini, wakapandisha bendera kama kawaida, wakapitia gati nyingine walikokuwa wamejificha Hannah, watoto na wengine. Wote pamoja walikuwa watu 16. Walikubaliana kwamba wakikamatwa wataizamisha meli wakiwa ndani, kuliko kurudishwa.

Wewe uliyewahi kusimama mpakani usiku, ukimsubiri askari amalize kutazama karatasi zako, unajua moyo unavyodunda. Wao walikuwa na vituo kadhaa vya namna hiyo, na cha mwisho kilikuwa Ngome ya Sumter yenye mizinga mikubwa. Smalls akavaa kofia ya majani ya nahodha, akasimama kama nahodha alivyozoea kusimama, akapiga honi ya ishara anayoijua. Ngome ikamruhusu. Walipotoka nje ya shabaha ya mizinga wakashusha bendera, wakapandisha shuka jeupe. Meli ya Kaskazini iitwayo Onward ilikuwa karibu kuwafyatulia ilipoliona lile shuka.

Basi, kulipambazuka wakiwa huru. Smalls alikuwa na miaka 23. Alikabidhi meli, mizinga sita, na kitabu cha ishara za siri. Bunge likaamuru wapewe zawadi, na fungu lake likawa dola 1,500. Miezi michache baadaye alikwenda Washington na mchungaji mmoja, Mansfield French, wakarudi na barua ya Waziri wa Vita ikiruhusu kuandikisha watu weusi hadi 5,000 kuwa wanajeshi. Yeye mwenyewe akaendelea na vita hadi akawa nahodha wa Planter ile ile.

KUJIFUNZA KUSOMA AKIWA MTU MZIMA

Mpendwa, kuna jambo dogo ambalo watu hulipita haraka. Shujaa huyu alikuwa hajui kusoma vizuri. Sheria ya South Carolina ya mwaka 1834 ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika. Mwaka 1864, meli yake ilipokuwa ikitengenezwa Philadelphia, aliajiri walimu, akakaa chini na vitabu kama mtoto wa darasa la kwanza, huku mji mzima ukimjua kwa sifa zake. Hakuona aibu.

Huko huko Philadelphia aliteremshwa kwenye gari la abiria la mjini kwa sababu ya rangi yake. Habari ilienea, watu wakasikitika kwamba aliyeliletea taifa meli ya vita amefukuzwa kitini. Wenye kudai haki wakaitumia habari hiyo katika madai yao, na mwaka 1867 sheria ikafungua magari yale kwa watu wote.

NYUMBA YA MTAA WA PRINCE

Vita vilipokuwa vikiendelea, wazungu wa Beaufort walikuwa wameukimbia mji, na serikali ikauza kwa mnada nyumba ambazo hazikulipiwa kodi. Smalls akanunua moja. Unajua ipi? Ile ile ambayo nyuma yake alizaliwa. Akamweka humo mama yake Lydia, ambaye alikuwa ameifagia miaka mingi bila kuwa na haki hata ya kuketi sebuleni.

Wenye nyumba wa kabla ya vita walimshitaki wakitaka irudishwe. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na Smalls akashinda. Ushindi ule haukuwa wake peke yake, maana wengi walikuwa wamepata viwanja vyao kwa mnada kama ule.

Na kuna habari nyingine inayosimuliwa juu ya nyumba hiyo. Mke wa McKee, yule bwana wake wa zamani, alipozeeka akili zilipungua. Siku moja akaja akaingia ndani akidhani bado ni kwake. Smalls hakumfukuza. Akampokea, akampa chumba, akamwacha aishi. Nyumba alikataa kuitoa mahakamani, lakini mama mzee aliyechanganyikiwa hakumtoa nje. Haki na huruma zilikaa katika nyumba moja.

SHULE KWANZA

Vita vilipokwisha Smalls alifungua duka, akafanya biashara, akajulikana. Mwaka 1867 alikuwa miongoni mwa walionunua jengo Beaufort kwa ajili ya shule ya watoto weusi. Mwaka uliofuata alichaguliwa kwenda Charleston katika mkutano wa kuandika katiba mpya ya jimbo. Wajumbe wengi walikuwa watu weusi, na kati yao wengi walikuwa watumwa miaka mitano tu nyuma.

Jambo alilolisimamia pale lilikuwa shule. Alitoa hoja kwamba jimbo lianzishe shule za umma, bila ada, wazi kwa watoto wote, na watoto walazimike kuhudhuria. Katiba ya 1868 ikaweka msingi huo. Ilikuwa mara ya kwanza South Carolina kuwa na mpango wa shule za umma kwa wote. Na waliofaidi si watoto weusi tu. Watoto wa wazungu maskini, ambao wazee wao hawakuwa na uwezo wa kulipa mwalimu, nao walipata dawati.

Mwaka huo akaingia Baraza la Wawakilishi la jimbo, na mwaka 1870 akapanda Seneti ya jimbo. Alikaa katika bunge la jimbo hadi alipokwenda Washington mwaka 1875. Kazi za mjumbe si mchezo, na nyingi hazina shangwe: madaraja, kodi, kura za maoni, barua za wajane wa wanajeshi wanaodai pensheni. Watu wa visiwani walimjia hadi mlangoni. Huko Washington alipigania kituo cha jeshi la wanamaji kwenye ghuba ya Port Royal, jirani na kwao, ili watu wapate ajira. Binti yake Elizabeth akawa karani wake. Ndiyo, yule mtoto aliyetakiwa kukombolewa, sasa anaandika barua za mbunge.

MASHATI MEKUNDU, NA KESI

Lakini waliokuwa na nchi zamani hawakulala. Mwaka 1876 vikundi vyenye silaha, vilivyovaa mashati mekundu, vilizunguka vijijini kutisha wapiga kura weusi. Julai mwaka huo, katika mji mdogo wa Hamburg, wanamgambo weusi waliuawa, wengine baada ya kukamatwa. Smalls alisimama Bungeni kupinga askari wa serikali kuondolewa jimboni, akieleza yaliyotokea. Mwaka uliofuata askari wakaondolewa, na utawala wa jimbo ukarudi mikononi mwa waliokuwa wakitisha.

Mwaka 1877 Smalls akashitakiwa kwamba alipokuwa seneta wa jimbo alipokea hongo ya dola 5,000 katika kandarasi ya uchapaji. Akahukumiwa miaka 3 jela. Alikaa siku chache akatoka akisubiri rufaa, na mwaka 1879 gavana akamsamehe, katika mapatano ambayo kwa upande mwingine yalifuta mashitaka ya uchaguzi dhidi ya watu wa chama cha gavana. Hatukufichi jambo hili, msomaji. Serikali za miaka ile zilikuwa na rushwa ya kweli, na hukumu ile ilimfuata hadi kaburini. Yeye alikana siku zote. Ushahidi ulitolewa na mtu aliyekuwa mwenyewe na makosa, na mahakama ilikuwa ya wapinzani wake. Pima mwenyewe.

Mwaka 1878, katika kampeni kijiji cha Gillisonville, mashati mekundu walimzingira ndani ya duka. Habari zikaruka mashambani, na watu weusi, wanaume kwa wanawake, wakaja na bunduki, majembe na chochote walichoshika kumwokoa. Alipona, ila kiti cha ubunge alikipoteza. Hakuacha. Alipinga matokeo ya uchaguzi wa 1880 akarudishiwa kiti mwaka 1882, akarudi tena mwaka 1884, na akakipoteza kwa mara ya mwisho katika uchaguzi wa 1886.

1895: KARATASI

Sasa tumefika penyewe. Mwaka 1895 jimbo liliitisha mkutano mwingine wa katiba. Kiongozi wake, Ben Tillman, hakuficha nia: kuwaondoa watu weusi kwenye daftari la wapiga kura. Kati ya wajumbe 160, weusi walikuwa 6 tu. Smalls, mwenye miaka 56, alikuwa mmoja wao. Mwaka huo huo alifiwa na mke wake wa pili, Annie, akabaki na mtoto mdogo. Hannah alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1883.

Fikiri alivyojisikia. Miaka 27 nyuma alikuwa kwenye mkutano uliofungua mlango. Leo yuko kwenye mkutano wa kuufunga, na hesabu ya kura inajulikana kabla ya kupigwa. Njia waliyoitumia ilikuwa ya ujanja. Hawakuandika kwamba mtu mweusi asipige kura, maana katiba ya taifa ilikataza. Waliandika kwamba mpiga kura aweze kusoma kifungu cha katiba, au akieleze akisomewa, au awe na mali ya dola 300. Na alipe kodi ya kichwa. Na anayepima kama ameeleza vizuri ni msajili, mzungu. Ona uchungu wake: watu walikatazwa kusoma kwa sheria, sasa wananyimwa kura kwa kutojua kusoma.

Smalls na wenzake walipigana kwa maneno kila siku. Walimtupia usoni ile kesi ya 1877, akasimama akajibu mbele ya wote. Wenzake wale walipotaka kuandika kwenye katiba kwamba mzungu na mweusi wasioane, yeye akaleta nyongeza: basi na mzungu yeyote anayeishi kinyumba na mwanamke mweusi asishike cheo cha umma, na watoto anaozaa naye wachukue jina lake na kumrithi. Kila mtu ukumbini alijua maana yake. Watoto wa namna hiyo walikuwa kila mji. Nyongeza ilikataliwa, lakini unafiki ulikuwa umekwisha kuvuliwa nguo.

Mwisho kura zikapigwa, akashindwa kama ilivyotarajiwa. Ikabaki shughuli ya kutia sahihi katiba mpya. Akakataa. Alipoambiwa kwamba asipotia sahihi hatalipwa nauli ya kurudi nyumbani, alijibu kwamba yuko tayari kurudi Beaufort kwa miguu. Mtu aliyejifunza kuandika jina lake ukubwani, kwa gharama yake, alijua thamani ya jina hilo. Hakuliweka chini ya karatasi ile.

ALICHOACHA

Baada ya hapo hakuketi bungeni tena. Akahudumu kama ofisa wa ushuru wa forodha bandari ya Beaufort, kazi aliyoianza kabla ya mkutano ule, akaiendeleza hadi mwaka 1913. Alifariki Februari 1915, katika nyumba ile ya mtaa wa Prince, akiwa na miaka 75. Akazikwa kwenye uwanja wa kanisa la Tabernacle Baptist pale mjini. Katiba aliyoikataa ilikuwa bado inafanya kazi. Watu wake walikuwa hawapigi kura. Ungepima maisha yake siku ile ya mazishi, ungesema ameshindwa.

Ila angalia tena. Mpango wa shule wa 1868 hawakuweza kuung'oa. Waliutenga kwa rangi, wakawapunja weusi fedha, lakini watoto waliendelea kusoma, na kilichosomwa hakifutiki. Wajukuu wa watoto hao ndio waliosimama kudai tena, na mwaka 1965, miaka 70 baada ya mkutano ule, sheria ya taifa ikavunja vizuizi vile vya kupiga kura. Mwaka 2017 Beaufort na maeneo ya jirani yakatangazwa kuwa hifadhi ya taifa ya kumbukumbu ya zama zile, na mwaka 2023 manowari ya Marekani ikapewa jina la Robert Smalls. Manowari hiyo hapo kabla iliitwa kwa jina la vita walivyoshinda watu wa Kusini.

Wewe unayesoma hapa huenda si mbunge. Lakini uko kwenye kamati ya shule, ya ushirika wa akiba, ya kijiji, au ya kanisa lako upande wako wa mpaka. Siku itakuja utakuwa mmoja kati ya wengi, na uamuzi mbaya utapita hata ukipinga. Fanya kama mzee Smalls: nenda kwenye kikao, sema kweli yote, kura yako ihesabiwe hata kama ni ya kushindwa. Kisha wakikuletea karatasi na kalamu, kumbuka kwamba sahihi ni yako, na nauli ni nauli tu.